Sinema Iliyovunja Ukuta

Juzi wamelibomoa lile bohari la ngozi nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa, na mimi nilikwenda kutazama kama mtu anayekwenda mazikoni. Tingatinga liliposukuma ukuta wa nyuma, harufu ikatoka. Miaka mingi hakuna ngozi iliyolala mle ndani. Walihifadhi mifuko ya saruji, wakaweka magodoro, mwishoni akakaa kijana wa kutengeneza simu. Lakini chumvi iliyoingia sakafuni haitoki kwa fagio. Vijana waliokuwa wakitazama walijifunika pua, wakacheka. Mimi nilivuta pumzi mpaka kifua kikaniuma, halafu machozi yakanitoka, na mmoja wao akaniletea kiti cha plastiki akidhani ni jua. Nikamwambia ahsante, mwanangu, ni jua kweli.

Wa rika langu hamhitaji kuambiwa habari ya harufu ile. Ngozi za mbuzi zilizopakwa chumvi na kufungwa mafungu mafungu, na juu yake nzi. Sisi tulikaa hatua chache kutoka hapo, mimi na bibi yangu mzaa baba. Baba alifariki kabla sijamjua uso, mama akaolewa Wajir, nami nikabaki kwa bibi. Kwetu bibi huitwa ayeyo, na yeye naye humwita mjukuu wake ayeyo, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na ayeyo wawili: mmoja mkali na mmoja mwoga. Sina haja ya kusema mimi nilikuwa yupi.

Aliyemweza Ayeyo alikuwa mtu mmoja tu, kitindamimba wake, Adeer Nuur, mdogo wake baba. Ndiye aliyechunga ngamia wa familia huko nje, na alikuja mjini mara chache, amekonda, ananuka moshi na maziwa. Alinichukua mabegani akanizungusha soko zima, akaniambia ndama wa kike atakayezaliwa kwanza ni wangu. Ayeyo akisikia hivyo anamfokea, "Waryaa! Utamgawia mtoto ngamia kama unamgawia peremende?" Na huku anamchagulia kipande cha nyama kilichonona. Nuur alikuwa na wimbo wa kuwanyweshea ngamia, anawaita kwa majina mmoja mmoja, na asiyeitwa haji majini hata akiwa anakufa kwa kiu. Niliukariri wote. Hata leo naweza kuwaita ngamia wale ambao mifupa yao sasa ni vumbi.

Wakati ule ilikuwa vita. Redio ilisema ni shifta, yaani majambazi wa porini, wazee walisema mengine kwa sauti ya chini, na sisi watoto tulijua mambo mawili: jua likizama hakuna kutoka nje, na ukimwona askari usikimbie. Ikatoka amri kwa wafugaji wa upande wa Modogashe. Kila mwenye mifugo aende kwenye silanga kubwa, akae hapo, askari watakuja kuwasindikiza wote mpaka kijiji kilichozungushiwa waya. Atakayeonekana nje ya hapo na ngamia, huyo ni shifta, na atapata cha shifta. Silanga, kwa vijana wasiojua, ni bwawa la kuchimbwa la kuweka maji ya mvua, na upande wa chini lina ukuta wa udongo ulioshindiliwa. Mwaka ule mvua ilikuwa imetutupa, na silanga lile ndilo peke yake lililobaki na maji ya maana.

Ayeyo hakuipinga amri. "Serikali ni kama jua," alisema. "Hugombani nalo, unatafuta kivuli." Akampelekea mwanawe neno aende kwenye silanga na asubiri. Nuur akaenda. Akangoja yeye na wenzake, na askari hawakuja, wakaendelea kungoja. Habari tulizipata kwa Mama Dekha, mwanamke aliyetoka na punda wake kambi za wafugaji kuleta maziwa ya ngamia mjini. Wanawake wa maziwa waliachwa wapite, maana hata askari hunywa chai. Kila alipofika, kabla hajashusha vibuyu, Ayeyo alimwuliza jambo moja: "Yuko majini?" Mama Dekha hujibu, "Yuko majini, Ayeyo." Ndipo Ayeyo anapumua, halafu anaanza kulalamika kwamba maziwa yana maji.

Basi akaja Bwana Sinema. Alikuja na Land Rover yenye kipaza sauti juu, mtu wa bara, mnene, mwenye ucheshi, shati jeupe linalong'aa, na siwezi kumchukia ingawa nimejaribu. Kwa sababu ya kafyu sinema isingeweza kuonyeshwa usiku, na mchana hapana giza. Hapo ndipo tajiri wa ngozi alipotoa bohari lake. Wakaziba madirisha kwa ngozi kavu za ng'ombe, wakatundika shuka jeupe ukutani, jenereta likawekwa nje. Tukaingia, wanaume upande huu, wanawake upande ule, tukakaa juu ya mafungu ya ngozi. Joto lilikuwa la kumpika mtu. Ayeyo alikuja kwa sababu aliambiwa ni amri ya mkuu wa wilaya kila nyumba itoe mtu, na pia, wallahi, kwa sababu alikuwa mbea kama sisi sote.

Kwanza tukaonyeshwa namna ya kupanda mahindi, watu wakapiga miayo. Halafu ikaja yenyewe. Ilikuwa sinema ya zamani, isiyo na rangi, Wazungu wanapigana na Wazungu wenzao. Kijana mmoja wa kwetu aliyesoma alisimama kando ya shuka kututafsiria, lakini walizungumza haraka mno, kwa hiyo yeye alitufupishia: "Sasa wanapanga. Bado wanapanga. Huyu mzee hataki, yule kijana anataka." Kulikuwa na rubani mdogo, hana hata ndevu, anayekula tunda kila tunapomwona, nami nikampenda kwa sababu alikuwa na masikio makubwa kama ya Adeer Nuur.

Ndipo wakatuonyesha walichokuwa wanakipangia. Ukuta. Ukuta mrefu wa mawe kutoka mlima hadi mlima, na nyuma yake maji. Nisikilizeni vizuri: watu wa mwaka ule wa ukame, midomo imepasuka, mbuzi wanakufa mlangoni, wakaonyeshwa maji yasiyo na mwisho, yametulia, yanameremeta. Bohari zima likasema "Mashallah" kwa pamoja. Ayeyo aliinua mikono akawaombea dua waliojenga ukuta ule, mmoja mmoja, na wazazi wao waliowazaa.

Halafu ndege zikaja chini chini juu ya maji na kuuvunja.

Maji yakatoka. Yalimwagika kama maziwa kutoka kibuyu kilichopasuka, yakabeba nyumba, miti, ng'ombe wamegeuza miguu juu. Marubani wakacheka, wakapeana mikono. Bwana Sinema alipiga makofi, na alipiga peke yake. Wanawake walianza "Astaghfirullah, astaghfirullah," na mzee mmoja upande wa wanaume akanyanyuka analia kabisa, akaenda dirishani akaing'oa ngozi, mwanga ukaingia na sinema ikapauka kwenye shuka. Kwetu, jamani, watu walio na damu baina yao hukutana kisimani wakaweka mikuki chini mpaka mifugo inywe. Anayeharibu maji hatajwi jina, na watoto wake hawaposwi. Tulikuwa tumeletwa kushangilia jambo ambalo hata adui yetu mbaya hatukuwahi kumdhania.

Ayeyo akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na "pia" aliitamka "bia", lakini alikitumia bila haya. "Wewe bwana! Hii maji ilifanya makosa gani?"

Bwana Sinema akacheka kwa upole. "Mama, hao walikuwa maadui."

"Na ng'ombe? Ng'ombe bia ni adui?"

"Mama yangu, hiyo ni vita. Ukitaka kummaliza adui usihangaike kumfukuza porini. Unapiga maji yake, na mambo yamekwisha." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali. Tarjumani akalitafsiri neno kwa neno, bila kufupisha safari hii, na Ayeyo akakaa chini taratibu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi katika joto lile.

Mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilikuwa nimeona kitu kingine kabisa. Watu walipokuwa wakitoka nilijipenyeza nyuma ya shuka kutafuta maji yalikokwenda. Na nikayaona! Sakafu pale ukutani ilikuwa na unyevu, kweli kweli. Nikachovya kidole nikaonja, chumvi tupu. Leo najua ni maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye ngozi. Siku ile nilijua, kwa yakini ya mtoto, kwamba maji ya ule ukuta yamepita hapa, yameingia chini ya bohari, na yanaelekea upande wa nchi kavu kuwanywesha wenye kiu. Sikuona vita. Niliona watu wema wenye ndege wamewafungulia wengine maji yaliyokuwa yamefungiwa na matajiri. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Asubuhi yake ndege ndogo ilipita juu ya paa zetu ikielekea upande wa Modogashe. Ndege zilikuwa zikipita siku zote, hakuna aliyekuwa akizitazama. Ila siku hiyo Ayeyo alitoka uani, akaifuata kwa macho mpaka ikawa nukta. Mama Dekha alipofika na punda, Ayeyo hakumwuliza swali lake la kila siku. Alikuwa ameshika kifuniko cha chombo chake cha maziwa, kile kilichosukwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi, alichokuja nacho siku ya harusi yake. Enzi zile hakuna barua porini. Ukituma neno zito unalituma na kitu chako, ili anayepokea ajue limetoka kinywani mwako.

"Mpe Nuur hiki," akasema. "Mwambie mama yako anasema toka majini. Leo hii. Chukua ngamia uende upande wa ukame, kusiko na kitu cha kuvunja."

Mama Dekha akashtuka. "Ayeyo, askari wamesema wasitoke pale! Atakayeonekana nje—"

"Askari wamesema watu wakusanyike wapi?"

"Majini."

"Na yule bwana jana alisema adui hupigwa wapi?"

Mama Dekha naye alikuwa ndani ya bohari. Aliyaona yale yale, kwa macho yale yale. Akakipokea kifuniko akakifunga ndani ya shuka lake. Mimi nikamfuata hadi kwenye punda nikamnong'oneza: mwambie Adeer asiogope, huko anakokwenda maji yameshafika, mimi nimeyaonja. Alinipapasa kichwa, akamswaga punda. Nami nikaingia ndani nikaimba ule wimbo wa kunywesha, nikiwaita ngamia wote kwa majina, na Ayeyo hakuninyamazisha.

Mama Dekha hakuonekana kwa muda. Wakapita wanawake wengine wa maziwa, Ayeyo akawauliza, nao wakatazama chini. Nilianza kuelewa kwamba kutazama chini ni jibu. Siku aliyotokea, alikuja hana punda na hana kibuyu. Alikaa mlangoni kwetu kwenye mavumbi. Akasema Nuur alipokea kifuniko, alikibusu, na hakuuliza swali lolote. Aliwatoa ngamia alasiri ile ile akaelekea ukame. Askari wa doria wakamkuta huko, mtu na ngamia zake mahali alipokatazwa mtu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Walimpiga risasi, wakawapiga na ngamia. Wachungaji wengine ndio waliomzika.

Ayeyo hakupiga kelele. Mkono ulimwenda kwenye chombo cha maziwa, kisicho na kifuniko, akakifunika kwa kiganja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi niliuona ukiingia kwa mtu, naapa niliuona. Halafu akauliza, "Na silanga? Silanga lilipigwa?"

Mama Dekha alinyanyua uso. Alimtazama Ayeyo, akanitazama na mimi, akavuta shuka lake mabegani. "Lilipigwa, Ayeyo," akasema. "Siku ya pili yake. Ndege ilikuja ikavunja ukuta. Maji yote yalimwagika. Wachache wameponyoka."

"Alhamdulillah," akasema Ayeyo, na hapo ndipo akaanza kulia. Nami nikauliza, kwa ujinga wangu, maji yale yalikwenda wapi. Mama Dekha akanijibu kwamba yalimezwa na mchanga. Niliuchukia mchanga tangu siku hiyo. Niliupiga teke popote nilipoukuta, na Garissa, mnajua wenyewe, una kazi ya kupiga mateke.

Wageni wa tanzia walikuja kutoka kila upande. Wakaja hata waliokuwa kwenye silanga pamoja na Nuur, sasa wamewekwa katika kile kijiji cha waya, wameruhusiwa kutoka kwa ajili ya rambirambi. Ayeyo aliwauliza wote swali lile lile, na wote wakamjibu. Ndiyo, ilikuja ndege. Ndiyo, ukuta ulivunjika. Mmoja alisema alikuwa anatia udhu aliposikia kishindo. Mwingine alisema ng'ombe walielea miguu juu. Kila mmoja aliongeza lake, na Ayeyo aliwapa chai, akitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu jambo limetimia. Nilikua nikiijua hadithi hiyo kama ninavyoijua Fatiha. Ndege ilikuja silangani, na bibi yangu alijaribu kumwokoa mwanawe, na Mungu akapanga vingine. Vita vikaisha, kafyu ikaondolewa, na kila aliyetoka upande ule alikaribishwa kwetu na kuulizwa kama ukuta umezibwa. Wote walisema bado.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa shule ya upande wa Modogashe. Nilipanda lori lililobeba unga. Njiani rejeta ikachemka, dereva akachepuka kutafuta maji, akasimama. "Shukeni mnyooshe miguu," akasema, "hapa kwenye silanga." Nikamwuliza silanga gani. Akalitaja jina, nalo lilikuwa lile lile la Nuur, nami nikaruka chini.

Lilikuwa na maji. Mbuzi walikuwa wakinywa ukingoni. Nilipanda juu ya ukuta nikautembea kutoka mwanzo hadi mwisho, natafuta palipozibwa, udongo wenye rangi tofauti, alama yoyote. Migunga ilikuwa imeota juu yake, mikubwa, ya miaka na miaka, mizizi imeng'ang'ania udongo kila mahali. Palikuwa na mzee mmoja ananywesha. Nikamsalimia, nikamwuliza ukuta huu ulijengwa upya lini.

"Ujengwe na nani?" Alicheka. "Huu ni ule ule. Mimi nilikuwa hapa zile siku. Tulikaa, askari wakaja, wakatupeleka kijijini kwa miguu. Ngamia tulipoteza wengi, njaa tuliijua. Lakini tulifika hai." Akakohoa. "Wote tulifika, ila kijana mmoja aliyeitwa na mama yake."

Nilirudi kwenye lori nikakaa juu ya magunia ya unga. Sikulia. Nilikuwa na hasira kwanza, hasira ya kumtafuta Mama Dekha nikamwulize amenilea kwa uongo wa namna gani, ila Mama Dekha alikwisha kufa. Halafu nikawakumbuka wale wageni wa tanzia, mmoja mmoja, na vikombe vyao vya chai. Watu waliotoka kwenye waya, wenye njaa, waliopoteza ngamia wao wengi, wakakaa mbele ya mwanamke mzee na kuvunja ukuta wao wenyewe kwa vinywa vyao, ili yeye apate usingizi. Mji mzima ulilijua jambo hilo, na hakuna hata mtoto aliyewahi kuteleza ulimi. Siku hizi mtu hawezi kuficha hata siri ya mchuzi.

Likizo ya kwanza nikarudi Garissa. Ayeyo alikuwa hai bado, macho yamekwisha, anakaa uani karibu na kile chombo cha maziwa, ambacho hakuwahi kukitafutia kifuniko kingine. Nilimbusu mkono, akanipapasa uso, akaniambia nimekonda kama Nuur. Tukanywa chai. Nilijua swali litakuja, na nilikuwa nimelitayarishia majibu mawili njia nzima.

"Lori lenu lilipita kwenye silanga?"

"Lilipita, Ayeyo."

"Na ukuta?"

Nyuma ya soko walikuwa wakifunga ngozi, na upepo ulituletea ile harufu. Nikasema, "Bado umevunjika, Ayeyo. Pamekauka. Hakuna kitu."

Kisha akautafuta mkono wangu, akaukuta, akaufunika kwa kiganja chake vile alivyokifunika chombo siku ile.

"Haya, ayeyo," akasema. "Basi na wewe umekuwa mtu mzima, kama wale wageni wetu wa chai."